Upanga Wenye Viti Vinne

Simama kando ya Lamborghini Espada. Kama kimo chako ni cha kawaida, paa lake litakukomea chini kidogo ya kifua, kwa maana kutoka ardhini hadi juu gari zima ni sentimita 118 na nusu. Probox ikiegeshwa ubavuni mwake itaonekana ghorofa. Sasa fungua mlango, laza kiti cha mbele, jipenyeze nyuma ukae. Magoti yanapata nafasi. Kichwa hakigusi paa. Mtu mzima mwingine anakaa pembeni yako, wawili wanakaa mbele, mabegi yanaingia kwenye buti, na mbele ya wote hao ipo injini ya silinda 12 inayoweza kuwapeleka kilomita 245 kwa saa bila yeyote kuambiwa ashuke kupunguza uzito.

Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza Geneva, Machi 1968. Liliundwa kwa miaka kumi, yakatoka magari 1,217, kisha basi. Hadi leo lina wapenzi wake, wengi wao Ulaya na Marekani, watu wanaoweza kukueleza kwa nusu saa tofauti ya dashibodi ya toleo la kwanza na la pili huku chai yao ikipoa. Lakini ukiuliza kwenye kundi lolote la wapenda magari ni Lamborghini ipi iliyo bora, utatajiwa Miura, utatajiwa Countach, na mwenye Espada atainamisha kichwa kama mtu aliyeulizwa kabila mbele ya watani zake.

Mimi siinamishi. Sina Espada, wala mshahara wa gazetini hautanipatia hata nikizaliwa mara ya pili, kwa hiyo hakuna atakayesema napigia debe mali yangu. Gari bora kuliko yote yaliyowahi kutoka katika kiwanda kile ni hili la kubeba watu wanne. Miura ni gari la mtu na nafsi yake. Anayelinunua ameshaamua nani ataachwa nyumbani. Aliyeichora Espada alianza na swali jingine kabisa: hao wengine watakaa wapi?

Waitalia huliita gari la namna hii gran turismo, yaani la safari kubwa. Siku hizi herufi GT zimebandikwa hadi kwenye vigari vya kwendea sokoni, ila zamani zilikuwa na uzito. Mwaka 1951 Lancia ilitoa Aurelia B20 GT, gari lenye injini ya V6 ya lita mbili na umbo la kustarehesha macho, na mwaka huohuo likamaliza la pili katika mashindano ya Mille Miglia, nyuma ya Ferrari yenye injini kubwa mara mbili yake. Wazo lenyewe ndilo hilo. Daktari au mwanasheria aende nalo kazini Jumatatu, na Ijumaa alisukume kutoka Turin hadi baharini afike hana maumivu ya mgongo, nguo hazijakunjamana, njaa ndiyo kwanza inaanza.

Kisha barabara ikapatikana. Mwaka 1956 Italia ilianza kujenga Autostrada del Sole, Barabara Kuu ya Jua, na Oktoba 1964 ikakamilika: zaidi ya kilomita 750 kutoka Milan hadi Napoli, ikipita Bologna, Florence na Roma, ikitoboa milima ya Apennini kwa mahandaki na kuruka mabonde kwa madaraja. Nchi iliyokuwa imetoka vitani ikiwa magofu, chini ya miaka ishirini nyuma, ilikuwa sasa inauza majokofu na vitambaa dunia nzima. Mfanyakazi alinunua Fiat 500. Mwenye kiwanda naye alitaka gari la kumpeleka yeye, mke na watoto wawili, ila asionekane ameshastaafu ujana.

Ferrari walimjibu mwaka 1960 kwa gari liitwalo 250 GTE, gari lao la kwanza la viti vinne kuundwa kwa wingi, na yakatoka zaidi ya 900. Polisi wa Roma nao wakapata lao, jeusi, mwaka 1962. Lilikabidhiwa mikononi mwa askari aitwaye Armando Spatafora, ambaye jina lake bado linatajwa katika jiji lile kama tunavyotaja sisi majina ya madereva wa mabasi ya zamani. Viti vya nyuma, nadhani, vilikuwa vya wakamatwa.

Miongoni mwa walionunua 250 GTE alikuwa Ferruccio Lamborghini, mtoto wa wakulima wa Renazzo, aliyetajirika baada ya vita kwa kuunda matrekta, mwanzoni akitumia vipuri vya magari ya jeshi yaliyoachwa. Hadithi inayosimuliwa kila mahali ni kwamba klachi ya Ferrari yake ilimchosha, akaenda kumlalamikia Enzo Ferrari, akajibiwa kwamba mtu wa matrekta abaki na matrekta yake. Ferruccio aliipenda sana hadithi hiyo na aliirudia uzeeni. Mimi naipokea kama zinavyopokewa habari za kibarazani: chumvi imo, ila na samaki naye yumo. Lisilo na chumvi ni kwamba mwaka 1963 alifungua kiwanda Sant'Agata Bolognese, akampa Giotto Bizzarrini, mhandisi aliyekuwa ametoka Ferrari, kazi ya kumchorea injini ya V12, na akakataa katakata kutia mguu kwenye mashindano. Alitaka gari la barabarani lisilosumbua. Basi.

Hapa ndipo mashabiki wengi hupotea njia. Wanadhani Miura ndiyo ndoto ya mzee. Miura ilikuwa ndoto ya vijana wake, Gian Paolo Dallara, Paolo Stanzani na dereva wa majaribio Bob Wallace kutoka New Zealand, walioanza kuichora baada ya saa za kazi. Mzee aliiruhusu, ikamletea sifa ambazo hakuzitegemea, lakini haikuwa gari la mtu wa rika lake na wageni wake. Espada ndiyo iliyokuwa jibu la lile lililompeleka kwenye biashara ya magari tangu mwanzo.

Njia ya kulifikia jibu hilo ilipitia kwenye kioo. Mwaka 1967 Bertone, karakana kubwa ya kuunda bodi za magari huko Turin, ilipeleka Geneva gari la maonesho liitwalo Marzal, kazi ya Marcello Gandini. Lilikuwa na viti vinne, na milango miwili mikubwa iliyofunguka kwenda juu kama mbawa za shakwe, kioo kitupu kuanzia paani hadi karibu na kizingiti. Mwezi Mei mwaka huo Prince Rainier wa Monaco alilizungusha kwenye njia ya mashindano kabla ya Grand Prix kuanza, mkewe Grace ameketi pembeni. Dunia ikashangilia. Ferruccio akakuna kichwa: mama wa watu akikaa humo, miguu yake yote itakuwa maonesho ya barabarani. Hata mfano wa kwanza wa Espada ulipoletwa ukiwa bado na milango ya mbawa, aliukataa. Wapo wanaolaumu uamuzi huo hadi kesho. Mimi namuunga mkono mzee. Mlango wa mbawa ni mzuri mpaka siku ya mvua, au siku umeegeshwa chini ya kibanda kifupi.

Gandini alikuwa na miaka 29 Espada ilipozinduliwa. Miaka 29! Tayari alikuwa amechora Miura. Lancia Stratos na Countach zilikuwa njiani. Mwaka uleule wa Marzal alikuwa amechora Pirana pia, bodi ya maonesho iliyovishwa juu ya mifupa ya Jaguar E-type, na ukiiangalia utajua mara moja Espada imerithi mgongo wa nani. Boneti ni pana na bapa kama meza ya seremala, ina matundu mawili ya kunywea hewa. Kioo cha mbele kimelala. Kisha paa linanyooka, linaendelea kunyooka, unangoja lianze kushuka kama magari mengine ya kifahari, halishuki. Mwisho linakatwa ghafla, kama kwa shoka.

Hapo kwenye mkato ndipo rafiki na adui wanapoachana. Wasioipenda wanaona gari la kubebea majeneza lililokaliwa na tembo. Lakini paa lile halikunyooshwa kwa kiburi. Lilinyooshwa kwa sababu kuna vichwa viwili chini yake. Katika magari mengi ya enzi zile yaliyodai kuwa na viti vinne, vile vya nyuma vilitosha mkoba na koti, au watoto wadogo wasio na haki ya kulalamika. Mchoraji alianza na mstari mzuri, kisha binadamu akatafutiwa pa kujikunja. Gandini alianza na binadamu, halafu akautafuta mstari, akaupata. Mimi siujui ufundi mkubwa kuliko huo katika uchoraji wa magari.

Na bado alikuwa na cha ziada. Chini ya kioo cha nyuma, katikati ya taa mbili, pale ambapo gari lolote lingekuwa na bati, aliweka kioo kingine kilichosimama wima. Kina kazi: dereva akirudi nyuma anaiona bampa ya jirani yake, jambo la maana kwa gari lenye urefu wa mita 4.73 katika vichochoro vya miji ya Italia. Ila kazi yake nyingine ni mwanga. Unaingia kutoka nyuma, unawaangukia mabegani waliokaa kule. Vifuniko vya matangi ya petroli navyo havionekani. Vimefichwa nyuma ya nyavu nyeusi kwenye nguzo za ubavuni, kimoja kila upande. Mgeni anayepewa kazi ya kujaza petroli huzunguka gari mara mbili kabla hajaomba msaada.

Taa za nyuma zenyewe ni kichekesho kizuri. Gari ghali kuliko nyumba, na taa zake zimetoka kwenye Fiat 124 Sport Coupé. Toleo la tatu likabadilisha, likachukua za Alfa Romeo 2000. Viwanda vidogo vya Italia ndivyo vilivyoishi, vikiokota vitasa hapa na swichi pale kwenye rafu za wakubwa, na leo mwenye Espada iliyogongwa nyuma anamshukuru Mungu kwa umaskini huo. Sisi tuliokulia ndani ya Pijo 504 tunaweza kulielewa hilo bila mkalimani. Bodi ya 504 ilichorwa kwa Pininfarina, wa Turin hukohuko, na nani katika ukanda huu hazikumbuki zile taa za mbele, kama macho ya mtu aliyetoka kulia? Tulipenda mstari wa Kiitalia kabla hatujajua kuwa ni wa Kiitalia.

Twende kwenye boneti, maana huku ndiko mapenzi yanakogharimu. Injini ya Espada ina ujazo wa sentimita za ujazo 3,929. Toleo la kwanza lilitoa nguvu za farasi 325, la pili 350. Inalishwa na kabureta sita za Weber, kila moja ina midomo miwili, kwa hiyo silinda 12 zina midomo 12, kila moja na wake. Fundi wa Gerezani au wa Grogan aliyewahi kusawazisha kabureta mbili akajiona bingwa, na ajaribu kufikiria hizi. Mdomo mmoja ukinywa kuzidi wenzake, gari likiwa limesimama linatetemeka kama mgonjwa wa homa, ukikanyaga linakohoa, baada ya wiki plagi zimejaa masizi. Siku hizi kuna vipimo vya kupimia upepo unaoingia. Mafundi wa zamani walichukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, wakasikiliza mvumo, wakageuza skrubu robo, wakahamia mdomo wa pili, wakarudi wa kwanza kwa sababu wa pili umeuharibu. Kazi ya asubuhi nzima. Na haivumilii makelele, kwa hiyo watoto hufukuzwa gereji.

Zikishapatana, hata hivyo, injini hii haiungurumi kama wanavyosimulia wasioijua. Inaimba kwa sauti nyembamba, inapanda, na hakuna mahali unaposikia silinda moja ikijitenga na nyingine. Ukoo wa injini ya Bizzarrini uliendelea kutumika, ukikuzwa na kufumuliwa mara nyingi, hadi Murciélago ya mwisho mwaka 2010. Injini chache duniani zimekula chumvi nyingi hivyo.

Sasa kasoro, maana mpenzi anayeficha kasoro ni dalali. Usukani wa toleo la kwanza ni mzito, unataka mabega ya mchukuzi wa bandarini. Msaada wa haidroliki ulikuwa wa hiari katika toleo la pili lililokuja mwaka 1970, ukawa wa kawaida katika la tatu. Vioo vingi vina maana ya jua jingi, na jua jingi likichanganyika na joto la V12 miguuni, abiria anaiva polepole. Bodi iliundwa kwa Bertone huko Grugliasco, fremu ikaundwa Modena kwa Marchesi, vikakutanishwa Sant'Agata, na kote huko hakuna aliyemwogopa adui aitwaye kutu. Petroli inakwenda lita 20 na zaidi kwa kilomita 100. Matangi yote mawili kwa pamoja yanabeba lita 95. Piga hesabu: gari lililozaliwa kwa ajili ya barabara ya Milan hadi Napoli haliwezi kuimaliza barabara hiyo bila kusimama kujaza.

Ndiyo maana mwaka 1973 ulikuwa msiba. Bei ya mafuta ilipopaa baada ya vita vya Mashariki ya Kati, serikali ya Italia ilipiga marufuku magari binafsi barabarani siku za Jumapili, kuanzia tarehe 2 Desemba. Watu walitembea kwa miguu na baiskeli katikati ya barabara kuu, watoto wakicheza mpira. Picha zake ni nzuri, wanaonekana wenye furaha. Espada, gari lililoundwa kwa ajili ya Jumapili, lilikaa uani. Ferruccio alikuwa ameshaanza kujitoa: mwaka 1972 aliuza sehemu kubwa ya kampuni kwa Georges-Henri Rossetti, mwaka 1974 akamalizia kwa René Leimer, akaenda Umbria kulima zabibu. Espada ya mwisho ilitoka mwaka 1978. Mwaka huohuo kampuni ikafilisika.

Miaka iliyofuata haina picha nzuri, nayo ndiyo ninayoiheshimu zaidi katika habari hii yote. Bei ya Espada ilianguka. Miura ilikuwa imeshageuka sanamu, Countach ilikuwa ukutani kwenye kila chumba cha mvulana wa Ulaya, na Espada ikawa Lamborghini ya bei ya chini, ile anayoinunua mtu asiyeweza kuipata aliyoitaka. Kulikuwa na wakati ambapo kufumua injini na kuifunga upya kuligharimu kupita bei ya gari lenyewe. Mwenye hesabu angefanya nini? Angelikata spea. Na wapo waliofanya hivyo. Yapo magari yaliyokufa ili injini zake zihamie kwingine.

Waliobaki hawakufanya hesabu. Walibaki na gari ambalo benki haikulitambua kuwa mali, wakalifanyia kazi usiku, wakanunua kabureta ya mitumba kabla ya kubadilisha mazulia ya nyumbani. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na hawa waliila mbichi kwa miaka ishirini, bila chumvi, bila ndimu. Usiniambie kwamba ni uwekezaji. Uwekezaji hauanzi kwa kununua kitu ambacho kila mtu anakuambia kitakufilisi.

Najua kuna msomaji ameshaanza kuguna. Haya magari ya matajiri wa Ulaya yanatuhusu nini sisi, wenye daladala zilizochoka na petroli inayopanda kila mwezi? Lawama ya petroli naipokea yote. Lita 20 kwa kilomita 100 haina wakili. Ila si kweli kwamba mkono uliochora Espada haukuwahi kufika kwetu. Gandini ndiye aliyechora Lancia Stratos, na Stratos ilikuja Safari Rally. Mwaka 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote katika Stratos, vigari vifupi kama kabari vilivyochorwa kwa ajili ya lami na milima ya Ulaya, vikigaragazwa kwenye matope na vumbi la Kenya. Nani aliwashinda? Ove Andersson, katika Pijo 504. Mstari wa Turin ulichukua nafasi zote tatu za juu siku ile, na sijaona mtu aliyelisherehekea jambo hilo. Stratos haikuwahi kushinda Safari. Watu wazima wa Nairobi waliokuwa watoto wakati ule bado wanaikumbuka kuliko magari mengi yaliyoshinda.

Na mapenzi ya magari makongwe si ya Wazungu peke yao. Klabu ya wenye Alfa Romeo nchini Kenya imekuwa ikiandaa Africa Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kwa miongo kadhaa, na ukienda pale utawaona watu wa rangi zote wakipiga magoti kwenye nyasi, wakisafisha kwa mswaki sehemu ambayo jaji huenda asiiangalie. Watu hao hawahitaji kuelezwa habari za Espada. Wanaijua hali hiyo kwa magoti yao.

Ninachokiogopa sasa ni bahati njema. Bei zimeanza kupanda. Miura nzuri inapita dola milioni moja. Espada kwa kawaida haifiki robo ya hapo, lakini wanaokosa Miura wameanza kugeuza macho. Tangu mwaka 2015 Lamborghini wana kitengo cha Polo Storico kinachotunza nyaraka za zamani na kutoa vyeti vya uhalisi, kazi njema, siikatai. Ila cheti kikishapatikana, gari hupakwa rangi ing'aayo kuliko lilivyotoka kiwandani, hufunikwa shuka, hutolewa mara moja kwa mwaka, huendeshwa na mtu mmoja hadi kwenye nyasi za maonesho, na viti vitatu vimekaa vitupu, ngozi yake haina hata mkunjo. Naona huo ni uhalifu mdogo. Uendeshaji wa namna hiyo ungefaa Miura. Mwenye Espada hana udhuru: akitoka peke yake amewaacha watu watatu nyumbani, na anawajua kwa majina.

Jina lenyewe, espada, ni upanga kwa Kihispania, upanga wa mpigana na fahali, kwa sababu Ferruccio alizaliwa chini ya nyota ya Ng'ombe na aliyapenda mambo ya mafahali. Mwaka 2008 kampuni yake ya zamani ilipeleka Paris gari la maonesho la viti vinne liitwalo Estoque, ambalo nalo ni jina la upanga uleule. Halikuingia kiwandani. Baadaye likaja Urus, refu kwenda juu, la milango minne, nalo linauzika vizuri sana. Lakini tangu mwaka 1978 hakuna gari jingine kutoka Sant'Agata lililokuwa la chini namna ile, lenye silinda 12 mbele na nafasi ya wanne.

Kwa hiyo, msomaji, huenda siku moja utajikuta Bologna, au kwenye maonesho mahali popote, na mzee mwenye mikono iliyopauka kwa petroli akasema anataka kulipasha gari moto kidogo, nani twende. Watu watakimbilia kiti cha mbele. Waachie. Laza kiti, jipenyeze, kaa nyuma upande wa kulia au wa kushoto, vyote ni sawa, na mwambie asiwe na haraka ya kurudi.